Matairi ya Jipi la Nyumbani: Umri na Mzigo Kwanza, Sura Baadaye

Katika nyumba nyingi za Bujumbura, gari aina ya jipi halinunuliwi kwa fahari peke yake. Hununuliwa kwa kuwa nyumba ina watoto wa kupelekwa shuleni, ina wazee wa kutembelewa huko vilimani, na ina mizigo ya kwenda na ya kurudi. Toyota RAV4, iliyoanza kuuzwa mwaka 1994, ni miongoni mwa magari yanayoonekana sana katika barabara za Burundi, na mengi katika hayo yalifika yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Likishaingia nyumbani, gari hilo huhesabiwa mafuta, oili na bima. Matairi hukumbukwa siku yanapokuwa vipara, na siku hiyo mara nyingi mfuko umekwisha kupangiwa mambo mengine.

Ndipo baba au mama wa nyumba huingia dukani na kuuliza swali moja tu: yapi ya bei nafuu? Muuzaji naye hujibu upesi, akisugua tairi kwa kitambaa: “Mzee, hili ni Japani safi, tazama kashata zake.” Mnunuzi hutazama, huona mpira mweusi unaong'aa, hulipa. Hakuna aliyeuliza tairi hilo lilitengenezwa lini, wala linaweza kubeba kiasi gani. Maswali hayo mawili ndiyo yenye kuamua kama safari ya Krismasi au ya arusi itafika salama, na majibu yake yameandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, bure, kwa yeyote mwenye kujua kuyasoma.

NJIA INAYOPIMA MATAIRI

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha kiasi cha meta 780 juu ya usawa wa bahari, na joto lake linajulikana. Mwenye kwenda Gitega, mji uliofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, hushika Barabara ya Taifa namba 1 na kupanda hadi Bugarama, mahali penye kimo cha zaidi ya meta 2,000. Hapo huchukua Barabara ya Taifa namba 2 kupitia Muramvya. Safari yote ni kama kilometa 100, lakini sehemu kubwa ya kupanda imo katika kilometa za mwanzo zisizofika 40. Kona hufuatana, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde.

Kupanda ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya breki na matairi. Na familia haishuki mikono mitupu: pale Bugarama huuzwa kabichi, karoti na viazi kando ya barabara, na aliyetoka kwa wazazi hurudi na gunia la maharage na mkungu wa ndizi. Gari basi hushuka likiwa zito kuliko lilivyopanda, kuelekea kwenye joto, mara nyingi alasiri mvua inaponyesha. Katika mteremko huo huo wamo waendesha baiskeli wanaoshuka na mikungu ya ndizi iliyofungwa nyuma yao, nao hawana chuma cha kuwakinga. Tairi lisiloshika barabara ni hatari kwa waliomo ndani ya gari na kwa wasiokuwamo.

Yafaa ieleweke ni kitu gani hasa kinachoshika barabara. Chukua gari lenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na watu na mizigo. Kila gurudumu hubeba kiasi cha kilo 500. Ikiwa upepo wa tairi ni bar 2.2, kile kipande cha mpira kinachogusa lami ni kama mraba wa sentimeta 15 kwa 15. Vipande vyote vinne vikiunganishwa havifikii ukubwa wa ukurasa mmoja wa gazeti. Breki ziwe nzuri namna gani, dereva awe hodari namna gani, kila kusimama na kila kukata kona hupitia eneo hilo dogo. Hapana shaka basi kwamba ununuzi wa matairi wastahili kufikiriwa kama unavyofikiriwa ununuzi wa gari lenyewe.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Maandishi makubwa ya ubavuni yanaonekana magumu, lakini mtoto wa shule ya msingi aweza kuyafahamu kwa dakika chache. Mathalani, RAV4 nyingi za kizazi cha tatu na cha nne huvaa tairi lenye maandishi 225/65R17 102H.

Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimeta. Namba 65 ni kimo cha ubavu kikiwa ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kiasi cha milimeta 146. Herufi R huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kutoka ubavu hadi ubavu, kwa mtindo uliosajiliwa na kampuni ya Michelin ya Ufaransa mwaka 1946 na ambao leo umeenea katika magari madogo duniani kote. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Baada ya hapo huja namba ambayo wanunuzi wengi huiruka, nayo ndiyo ya mzigo. Namba 102 haina maana ya kilo 102. Ni namba ya orodha ya kimataifa, na maana yake ni kwamba tairi hilo limetengenezwa libebe hadi kilo 850. Namba 100 ni kilo 800, na namba 95 ni kilo 690. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: S ni kilometa 180 kwa saa, T ni 190, na H ni 210. Msomaji aweza kuuliza, ni nani atakayekwenda kilometa 210 kwa saa kati ya Bugarama na Bujumbura? Hayupo, wala hatakiwi kuwapo. Lakini mwendo mkubwa huzaa joto, na tairi lililopimwa kwa mwendo mkubwa limepimwa pia kwa uwezo wa kustahimili joto. Matairi mengi yaliyotengenezwa kwa kufuata kanuni za Marekani huwa pia na neno TEMPERATURE likifuatwa na A, B au C, na A ndiyo bora. Kwa mji wa joto kama Bujumbura, herufi hiyo ina thamani.

Kanuni ni nyepesi. Vipimo vinavyolifaa gari vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva, na pia katika kitabu cha gari. Namba ya mzigo na herufi ya mwendo zaweza kuzidi zilizoandikwa hapo, lakini zisipungue. Mtu anayekubali kufungiwa tairi la gari dogo la saluni kwa sababu limeingia rimu amenunua tairi lisilojua kazi litakayofanya. Vivyo hivyo, anayetaka gari liinuke na kupendeza, akaweka 225/70R17 mahali pa 225/65R17, huongeza kipenyo kwa asilimia 3 hivi. Kipima mwendo humwambia 60 hali gari linakwenda karibu 62, na mpira waweza kugusa plastiki za ndani ya bawa gari linapokata kona likiwa na mzigo.

MZIGO, UPEPO NA FUNDISHO LA MWAKA 2000

Mtu hodari wa hesabu atasema: tairi moja kilo 850, manne ni kilo 3,400, na gari langu pamoja na viazi haliwezi kufika huko. Hesabu ni sahihi, ila barabara haigawi mzigo kwa usawa. Dereva anapokanyaga breki mteremkoni, uzito hukimbilia mbele. Anapokata kona, hukimbilia upande wa nje. Kuna wakati tairi moja la mbele hubeba sehemu kubwa kuliko wenzake watatu. Tena, kilo 850 zinapatikana tairi likiwa limejazwa upepo wa kutosha. Upepo ukipungua, uwezo nao hupungua. Na tairi imara haliongezi nguvu ya springi wala ya breki, ambazo zina mpaka wake ulioandikwa katika kitabu cha gari.

Dunia ilipata fundisho kubwa kuhusu jambo hili nchini Marekani. Mwezi wa Agosti 2000 kampuni ya Bridgestone/Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika jipi za kifamilia aina ya Ford Explorer. Kashata za matairi hayo zilikuwa zikibanduka gari likiwa katika mwendo wa kasi, na gari, kwa kuwa ni refu kwenda juu, lilipoyumba lilipinduka. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na ajali hizo. Kampuni hizo mbili zilishindana juu ya nani mwenye lawama, na mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa ni upepo: Ford ilikuwa imeelekeza paundi 26, hali Firestone ilitaka 30. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana linapozunguka, kujikunja huzaa joto, na joto huachanisha mpira na waya za ndani. Mwaka huo huo Bunge la Marekani likapitisha sheria ambayo baadaye ililazimisha magari mapya kuwekewa kifaa cha kumwonya dereva upepo unapopungua.

Gari la zamani lililotoka Japani aghalabu halina kifaa hicho. Lakini chombo kidogo cha kupimia upepo hakina gharama kubwa, nacho chafaa kukaa ndani ya gari daima. Kibandiko cha Kijapani huandika kwa kPa: 220 kPa ni bar 2.2, ambayo mafundi wengi huiita kilo mbili na nukta mbili. Kipimo hufanywa asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Na hapa pana mtego unaowanasa wasafiri wa mlimani. Gari likifika Bugarama, kipimo kitaonyesha upepo umepanda, kwa sababu tairi limepata moto na kwa sababu hewa ya nje kule juu ni nyepesi. Anayedhani umezidi, akautoa, atashuka na mzigo wake akiwa na matairi yenye upungufu. Upepo uliopimwa vyema Bujumbura asubuhi usiguswe njiani.

TAIRI LINA SIKU YA KUZALIWA

Mpira huzeeka. Huzeeka ukitumika, na huzeeka ukiwa umetundikwa ukutani. Jua, joto na hewa huufanya ukauke, upasuke nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi, na upoteze ule mnato unaoshika barabara. Ndiyo maana tairi laweza kuwa na kashata ndefu na bado likawa halifai.

Siku ya kuzaliwa ya tairi huandikwa mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT. Hapo hutafutwa tarakimu nne zilizomo ndani ya kifuniko chenye umbo la yai. Mbili za mwanzo ni juma la mwaka, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tarakimu 3521 maana yake ni juma la 35 la mwaka 2021. Tairi lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, nalo lingefaa kupandiwa maua. Mara nyingine tarakimu hizo zimo upande mmoja tu wa tairi. Ikiwa upande wa nje hauna, fundi aombwe ageuze ubavu wa pili.

Ushauri unaotolewa na watengenezaji ni kwamba tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama linaonekana zima. Baadhi ya watengenezaji wa magari hutaka liondolewe likiwa na miaka 6. Katika nchi yenye jua kali, nyumba yenye busara hufuata hesabu fupi. Spea nayo isisahauliwe. Katika RAV4 za vizazi vitatu vya kwanza, spea hutundikwa nje ya mlango wa nyuma, ambako hupigwa na jua mwaka mzima bila kutembea hata hatua moja. Wengi huja kuligundua limekufa usiku ule ule wanapolihitaji.

HESABU YA TAIRI LILILOTUMIKA

Kwa nyumba yenye kipato cha kawaida, shawishi kubwa ni matairi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Ulaya na Japani. Hapa faranga zifanyiwe hesabu kwa utulivu. Tairi jipya la aina hii huwa na mifereji yenye kina cha milimeta 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vyenye kimo cha milimeta 1.6, mpira ukishalingana na vituta hivyo, tairi limekwisha. Kwa hiyo mnunuzi wa tairi jipya hununua milimeta 6.4 za kutumia. Tairi lililotumika lenye milimeta 4 lina milimeta 2.4 tu za kutumia. Hiyo haifiki hata nusu ya lile jipya. Likiuzwa kwa nusu ya bei, aliyelinunua amelipa zaidi kwa kila milimeta, na gharama ya fundi wa kufunga italipwa tena mapema. Wahenga walikwisha kusema kwamba rahisi huvunja upishi.

Na hesabu hiyo haijagusa usalama. Mifereji ya tairi ina kazi moja kubwa: kunywa maji ya mvua na kuyatupa pembeni. Kina kikipungua chini ya milimeta 3, kazi hiyo hudhoofika sana, ingawa vituta havijafikiwa. Hapo tairi laweza kupanda juu ya maji kama mtumbwi, na usukani ukawa mwepesi mkononi ghafula. Mwenye rula ya mtoto wa shule aweza kupima kina hicho mwenyewe, katikati na pembeni pia.

Katika matairi yaliyotumika umo udanganyifu wa aina tatu ambao macho makini huutambua. Wa kwanza ni tairi la theluji. Lina alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake, au, likitoka Japani, neno STUDLESS. Mpira wake ni laini, umekusudiwa nchi ambazo baridi hushuka chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya moto ya Bujumbura huliwa upesi, na gari huyumba konani. Kashata zake zenye mikato midogo midogo huvutia macho, nazo ndizo zinazowaponza wengi. Wa pili ni tairi lililochongwa upya kwa chuma cha moto. Baadhi ya matairi ya malori hutengenezwa kwa unene wa kuruhusu kuchongwa, nayo huandikwa REGROOVABLE. Tairi la gari dogo halina unene huo. Kuchongwa kwake ni kuukaribia waya. Wa tatu ni rangi na mafuta ya kung'arisha. Yote hayo hufunika nyufa za uzee, na dawa yake ni kuukunja mpira kwa mikono miwili na kutazama kama unafunguka.

Viraka navyo vitazamwe kwa ndani. Tundu dogo la msumari katikati ya tairi laweza kuzibwa vyema na fundi stadi. Ubavu uliopasuka au kuvimba hauna kiraka. Uvimbe maana yake ni kwamba nyuzi za ndani zimekatika, na kilichobaki ni mpira mtupu unaozuia hewa.

KASHATA ZIFUATE BARABARA

Matairi ya jipi huuzwa kwa namna tatu. Yenye herufi H/T ni ya barabara kuu. Mifereji yake ni ya kiasi, kelele ni ndogo, na hushika lami iliyolowa vizuri. Yenye herufi M/T ni ya matope, yenye kashata kubwa zilizoachana. Kati yake ni A/T, ya njia mchanganyiko.

Vijana wengi huvutiwa na M/T kwa sababu hulipa gari sura ya kazi nzito. Lakini kashata zikiachana sana, mpira unaogusa lami hupungua, na lile eneo la mraba wa sentimeta 15 huzidi kuwa dogo. Kwenye lami iliyolowa gari huchelewa kusimama, mafuta hulika zaidi, na sauti yake huwachosha watoto walioketi nyuma. Familia inayokaa Bujumbura, inayotembea mjini siku sita na kupanda Gitega kwa lami siku moja, yafaa ichague H/T. Ile ambayo kila juma huiacha lami na kushika njia ya udongo mwekundu kwenda kilimani, nayo hufanya hivyo hata miezi ya mvua, itafaidika na A/T isiyokuwa na kashata kubwa mno. M/T iachiwe wenye kazi ya mashamba na misitu. Ikiwa njia ya matope hupitwa mara mbili kwa mwaka, ni nafuu kusubiri jua likaushe njia kuliko kubeba matairi ya matope mwaka mzima.

MANNE, AU MAWILI?

Fedha zikitosha, matairi yabadilishwe yote manne kwa pamoja, ya aina moja na kipimo kimoja. Kwa jipi linalovuta magurudumu yote manne jambo hili lina uzito wa pekee. Tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko lililolika, kwa hiyo katika kilometa moja halizunguki mara sawa na mwenzake. Tofauti hiyo huangukia kile kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, nacho hulazimika kuteleza na kupata moto muda wote gari linapotembea. Akiba iliyowekwa kwenye tairi moja huja kulipwa kwa fundi wa gia.

Fedha zisipotosha, yanunuliwe mawili, kamwe si moja, na yale mawili ya zamani yawe bado na kina kisichoachana sana na mapya. Hapo huzuka ubishi katika gereji nyingi: mapya yakae wapi? Wengi huyaweka mbele, kwa hoja kwamba mbele ndiko kwenye usukani. Watengenezaji wa matairi hushauri yakae nyuma. Sababu yao ni hii: magurudumu ya mbele yakiteleza penye maji, gari hunyooka, na dereva akiachia mafuta huweza kulirudisha. Ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka lenyewe, nyuma ikatangulia, na ni madereva wachache wawezao kulizuia. Kwenye kona zenye bonde upande mmoja, tofauti hiyo ni kubwa.

SIKU YA KUFUNGA

Kununua vyema na kufunga vibaya ni kupoteza nusu ya fedha. Mwenye gari asimame karibu. Katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya biashara na ya gereji, wako mafundi ambao wamekua mikononi mwa mafundi. Fundi wa namna hiyo hachukizwi na swali la adabu. Aulizwe kama ameweka valvu mpya, kwa maana valvu ya mpira huzeeka pamoja na tairi. Aangalie mshale ubavuni: tairi lenye mshale lina upande wake wa kuzunguka, na lenye neno OUTSIDE lazima neno hilo lionekane nje. Magurudumu yalinganishwe uzito kwa mashine, na mielekeo yake ipimwe, la sivyo mpira mpya utalika upande mmoja katika miezi michache. Baada ya kilometa 50 hadi 100, nati zikazwe tena. Kisha kila kilometa 10,000 hivi matairi yabadilishane nafasi ili yaishe pamoja, isipokuwa yale ya mshale, ambayo hubaki upande wake na kubadilishana mbele na nyuma tu.

Na wakati wa kununua nao una maana. Nchini Burundi kiangazi kirefu hushika miezi ya Juni hadi Agosti, na mvua hurudi kuanzia Septemba. Nyumba inayoanza kuweka akiba kidogo kidogo mwezi wa Januari, ikakagua matairi yake mwezi wa Julai, huweza kununua kabla ya mvua na kabla ya ada za shule kuukausha mfuko. Nyumba isiyopanga hununua Desemba, siku mbili kabla ya safari, lililopo dukani na kwa bei iliyopo.

Kazi hii si ya baba peke yake. Mama anayejua kilo za magunia yanayopakiwa ndiye anayejua mzigo wa gari. Kijana aliyekwisha kujifunza kugawanya aweza kukabidhiwa daftari dogo la gari, aandike ndani yake tarakimu za mwisho za DOT za matairi matano, spea ikiwamo, na kina cha mifereji kila mwezi, na upepo kila asubuhi ya safari. Siku muuzaji atakapotoa tena kitambaa chake na kusugua, nyumba nzima itakuwa inajua ni wapi pa kutazama.